Habari Aliyoibeba Jirani Yangu

Watu wakiniuliza safari ya pikipiki Ulaya ilikuwaje, huwajibu kwamba mvua ilikuwa nyingi. Jibu hilo huwatosha wengi. Ukweli ni kwamba mama yangu alikufa Houston wakati mimi nakula tambi katika mji mdogo wa Italia, na rafiki yangu aliyeketi mbele yangu alijua. Alijua tangu Austria kwamba mama yu mahututi, kisha akajua kwamba amekufa, na hakusema neno mpaka tulipofika Texas.

Nilimchukia kwa hilo, na sina haja ya kulipamba neno. Lakini kulikuwa na kitu kilichoniuma kuliko yeye. Mama na mimi tulikuwa tumenuniana kwa sababu ya pikipiki hizo hizo. Nilibaki sijui kama alikufa akiwa bado amenikasirikia, na aliyeninyima nafasi ya kujua alikuwa mtu niliyemwita jirani.

Jirani kweli alikuwa, zamani. Nilipofika Dallas kusomea uuguzi nilipanga chumba mtaa wa Vickery Meadow, na mlango wangu ulitazamana na wake. Yeye ni Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, upande wa Kigoma, na wakati huo alifua mashuka ya hoteli. Tulisalimiana kwa Kiswahili siku ya kwanza, akacheka Kiswahili changu cha Kenya, nami nikacheka chake, basi tukawa watu wa kuazimana chumvi. Nilipopata leseni nilihamia Lewisville, nje ya jiji, yeye akabaki kule kule, ila jina la jirani halikuhama.

Pikipiki ni yeye aliyenifundisha. Alikuwa amenunua moja kuukuu ambayo hata aliyemuuzia alikuwa ameikatia tamaa, akaifufua kwenye maegesho ya nyumba zetu mpaka meneja akaja kulalamika juu ya mafuta yaliyomwagika. Siku za katikati ya wiki, uwanja wa kanisa ukiwa mtupu, alinipandisha na kukimbia ubavuni mwangu akipiga kelele, "Klachi, jirani! Klachi!" Kwenye usukani alikuwa amening'iniza rozari. Mimi Mprotestanti nilimwambia itanasa kwenye breki. Alinijibu kwamba breki ni zile za chuma, na hiyo nyingine ni breki pia.

Safari ya Ulaya ilikuwa ndoto yake kabla haijawa yangu. Kaka yake yuko Brussels. Waliachana kambini, mmoja akapelekwa Ubelgiji na mwingine Amerika, na tangu hapo hawakuwa wameonana ila kwenye simu. Kaka huyo ndiye aliyemfundisha kuendesha, barabara ya Kasulu, kwa pikipiki ya mtu mwingine. Jirani yangu alitaka kufika mlangoni kwa kaka yake akiwa juu ya pikipiki, azime injini, aseme, "Umeona sasa?" Hicho tu ndicho alichokuwa anakitafuta Ulaya nzima.

Mimi nilitaka milima. Nilimshawishi tukodi pikipiki Munich, tuvuke Austria, tushuke Italia, tupande Ufaransa, halafu Brussels iwe ya mwisho, kama mtoto anavyoacha kipande cha nyama pembeni mwa sahani. Alikubali. Ni mtu wa kukubali, na siku hizo niliuona huo kuwa udhaifu.

Mama wakati huo aliishi Houston kwa dada yangu. Alikuja kuwalea wajukuu, akakaa, kama mama zetu wengi wanavyokuja na kukaa. Majira ya kuchipua kabla ya safari, jirani na mimi tulishuka Houston kwa pikipiki, eti mazoezi. Mama alikuwa jikoni anakatakata sukuma wiki. Aliposikia mngurumo alitoka na kisu mkononi.

"Hizo ni za nani?"

"Ni zetu, mama."

Alizunguka pikipiki yangu kama anayekagua mbuzi mgonjwa sokoni. Mdogo wake, mjomba wetu, aliuawa na bodaboda karibu na nyumbani, na mama ndiye aliyeitwa kumtambua. Tangu siku hiyo hakuwahi kupanda pikipiki, hata kwenda kliniki wakati wa mvua. Hayo niliyajua. Niliyajua vizuri sana, na bado nilikuja na helmeti kwapani nikitabasamu.

"Asiyesikia la mkuu..." akaanza, akaacha hapo, kama wazazi wanavyokuachia umalize mwenyewe. Mimi nilinyamaza kwa kiburi. Jirani yangu, kwa adabu zake za kambini, akainamisha kichwa, akasema, "Huvunjika guu, mama."

Mama alimtazama kwa mara ya kwanza. "Huyu ako na adabu," akasema. "Huyu wangu sijui nilimlea nikiwa wapi." Kisha akanigeukia. "Nilikuzaa ukiwa mzima. Ukienda huko Ulaya na hiyo kitu, usinipigie simu. Utanipigia ukirudi na miguu yote miwili."

Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Nilimshika neno. Nilipanda ndege DFW, uwanja wa Dallas, bila kumpigia, nikatua Munich bila kumpigia, na kila jioni nilipomwona jirani yangu anamrekodia mkewe ujumbe wa sauti, nilijiambia kwamba aliyesema asipigiwe ndiye wa kuanza. Ukaidi huo nimeurithi kwake, na sidhani kwamba mmoja wetu angeshinda.

Siku za kwanza zilikuwa nzuri. Ndani ya helmeti tulikuwa na redio ndogo za kuongea huku tunaendesha, na redio hizo huunganishwa na simu pia, kwa hiyo jirani aliweza kumjibu mkewe huku anakata kona. Tulichekana siku nzima. Yeye hakuamini kwamba ng'ombe wanaweza kuwa wasafi vile. Mimi sikuamini kwamba mtu anaweza kuegesha trekta akaacha ufunguo ndani. Mtandao wa simu yangu ulikuwa umekataa kufanya kazi tangu uwanja wa ndege, nikawa natumia intaneti ya simu yake.

Tuliposimama kuweka mafuta karibu na Innsbruck, simu yake ililia. Aliangalia jina, akaniangalia mimi, akaenda nyuma ya kituo, kwenye mapipa ya taka. Nilimwona anatembea huku na huko na mkono kichwani. Nikadhani ni mambo ya kazini. Siku hizo alikuwa msimamizi kwenye ghala moja, na vijana wake walimpigia hata kumuuliza ufagio uko wapi. Aliporudi uso ulikuwa wa majivu.

"Jirani, tumbo linanikata."

Mimi ni muuguzi. Nilimlaza kwenye benchi mbele ya Waaustria, nikambonyeza tumbo kulia, kushoto, juu, chini. Nilimuuliza amekula nini, ameenda haja lini, maumivu yanachoma au yanakaba. Alijibu kila swali tofauti na alivyojibu lililotangulia. Kila nilipobonyeza alichelewa kidogo kabla ya kusema "aii." Sikugundua homa wala ugumu wowote, nikamwambia ugonjwa wake ni kuogopa kona za milima.

"Basi turudi Munich," akasema. "Turudishe pikipiki, twende nyumbani."

"Kwa tumbo gani? Hili ambalo halipo?"

Nilikataa katakata. Nikamwambia tuvuke kwanza mlima wa Brenner, tuingie Italia, kesho yake tutaona. Alikaa pale benchini akishika ile rozari, aliyokuwa ameibeba kutoka nyumbani. Nilipotaka kuangalia ramani, intaneti ilikuwa imekatika. Akasema bando lake limeisha. Nilimlaumu kwa hilo pia, kwamba mtu mzima unatokaje nyumbani na bando la kubahatisha.

Tulichukua barabara ya zamani inayopanda Brenner, mimi mbele, yeye nyuma. Mchana ulikuwa mweupe, mvua imetuacha. Baada ya muda nikamsikia masikioni.

"Jirani. Nisimulie unaona nini."

"Si una macho?"

"Tumbo linaniuma, natazama barabara tu. Nisimulie wewe. Taratibu, nisikie vizuri."

Basi nikaanza, kwa kumkejeli kwanza. Nikamwambia naona Mrundi nyuma yangu anaendesha kama anabeba mayai. Kisha nikanogewa. Nikamwambia kuna bonde upande wa kushoto, nyasi zimenyolewa kama kichwa cha mtoto anayeanza shule. Kuna ng'ombe wenye kengele, wanono, hawana kazi. Kuna nyumba ya mbao yenye maua kila dirisha, na mama mmoja mnene anaanika nguo, shuka zote upande mmoja na soksi upande mwingine. "Mama yangu angeona hizo soksi angeshuka kumsaidia," nikasema. "Halafu angemwambia amepanda maua mahali pa sukuma wiki."

Masikioni kulikuwa na mvumo, sssss, usiokatika, umekuja pamoja na sauti yake.

"Helmeti yako inavuta upepo," nikamwambia. "Funga kioo."

"Sawa, jirani."

Mvumo haukuisha. Nikaendelea kusimulia hivyo hivyo. Kisha akauliza, ghafla tu, "Bado umemkasirikia mama?"

"Nani, mimi? Mama hakasirikiwi. Nimemnunia tu. Nikifika Houston nitampelekea miguu yote miwili aihesabu mwenyewe, halafu anipikie."

Nilimtazama kwenye kioo changu cha pembeni, nikaona kweli amefunga kioo cheusi cha helmeti yake, uso hauonekani. Nikasema tena juu ya mvumo. Akasema, "Vumilia."

Jioni ile tulilala kimji upande wa Italia. Tulipokuwa tunakula alitoka nje na simu, akarudi, akaketi, akauchukua uma wake na kuendelea kula. Alikula zile tambi mpaka zikaisha. Nakumbuka kwa sababu nilifurahi kwamba tumbo limepona. Asubuhi akasema harudi nyuma katika neno lake: anataka nyumbani, siku hiyo hiyo, kwa njia ya mkato kurudi Munich.

Hapo ndipo hasira zangu zilipofumuka. Nilimuuliza na Brussels je? Akasema Brussels ipo, haihami. Nikamwambia ninajua kinachomsumbua. "Unamwogopa kaka yako. Umemwambia miaka yote utakuja, na sasa umemkaribia unatafuta tumbo la kusingizia." Nilisema hivyo kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni, kwa sauti kubwa. Kisha akatoa simu, akampigia kaka yake mbele yangu, wakazungumza kwa Kirundi. Sikuelewa maneno, lakini sauti ya kaka ilipanda, ikashuka, ikanyamaza, na jirani yangu akajifuta macho kwa mkono wa jaketi. Nikaona nimethibitisha hoja yangu.

Tuliporudi DFW nilitaka kwenda Lewisville nikalale. Akasema hapana, twende Houston kwanza. Alikuwa ameacha gari lake uwanjani. Nikamwambia sina haja ya kumwona mama na uso wa safari. "Twende tu," akasema, na begi langu lilikuwa tayari kwenye buti. Nilikuwa nimechoka kubishana naye. Karibu na Corsicana alisimama kwenye mgahawa, akaniagizia kuku na viazi, akakaa mbele yangu bila kula. "Kula, jirani. Kula ushibe." Nami, mbumbumbu, nikala.

Kwetu, msafiri haambiwi msiba. Anaachwa afike, aketi, ale, awe kati ya watu wa kumshika. Nimeshiriki mwenyewe kuwaficha wengine. Niliwahi kumsindikiza mwanamke wa kanisa letu kutoka Lewisville mpaka uwanja wa ndege nikimwambia kwamba baba yake "amelazwa," ilhali jeneza lilikuwa limeshanunuliwa. Nilijiona mwenye hekima siku hiyo. Hata vikundi vya simu vya kanisa vilinyamazishwa, kila mmoja akiwa ameambiwa asiandike pole mpaka binti afike. Nilijua ada yote, hatua kwa hatua, na bado nilimaliza kuku na kulamba vidole.

Houston, mtaa wa dada ulikuwa umejaa magari pande zote mbili. Mlangoni kulikuwa na viatu vingi, na ndani wanawake wa kanisa walikuwa wanaimba polepole. Niliona viatu nikajua. Jirani alinishika kiwiko kabla sijafika ngazini.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kwenye mafuta."

Nilimsukuma. Alianguka kwenye majani ya mbele ya nyumba, na wazee wa kanisa wakatoka kunishika mimi. Nikiwa mikononi mwao nilimwambia aondoke, asikanyage msiba wangu, na nisimwone tena. Aliokota ufunguo wake, akawasalimia wazee kwa heshima mmoja mmoja, akarudi Dallas peke yake.

Tulimsafirisha mama, tukamzika nyumbani. Yeye hakuwepo. Alituma ujumbe, sikuufungua. Alipiga, sikushika. Dada yangu niliongea naye mambo ya mazishi tu. Alijaribu kuanza, "That day, vile mlikuwa huko kwa mlima..." nami nikamkatiza, kwamba sitaki kusikia walivyonipanga kama mtoto. Aliacha. Hasira hasara, tunawafundisha watoto, halafu sisi wenyewe tunaihifadhi kama mbegu.

Niliishi hivyo mpaka majira ya baridi. Kazini nilifanya yangu, nyumbani nilikaa kimya, na pikipiki yangu niliifunika turubai. Swali lilikuwa lile lile kila nilipoosha vyombo: alikufa amenikasirikia au la? Niliwaza kwamba laiti ningeambiwa pale penye mafuta, ningempigia, ningesikia hata pumzi yake.

Asubuhi moja kazini, bibi mmoja mgonjwa wa mapafu alizidiwa, nikamfunga barakoa ya oksijeni na kufungua mtambo mpaka juu. Mwanawe wa kiume alikuwa mbali, akataka kumsalimia kwa simu, nikamshikia bibi simu karibu na barakoa. Yule kijana akasema, kwa sauti kubwa, kwa Kiingereza, "Mama, kuna kelele, ni upepo? Uko nje?"

Sssss.

Nilimpa mwenzangu simu nikatoka. Niliegemea ukuta wa korido. Sauti hiyo naisikia kila zamu. Ningeweza kukuambia kwa kuisikia tu mtambo umefunguliwa kiasi gani. Na mimi nilikuwa nimeisikia Brenner, masikioni mwangu, nikamwambia mtu afunge kioo.

Zamu ilipoisha nilikwenda Vickery Meadow moja kwa moja. Jirani alikuwa maegeshoni, amechuchumaa mbele ya ile pikipiki kuukuu. Aliniona akasimama, akarudi hatua moja. Sikumlaumu.

"Ule mvumo," nikasema. "Milimani."

Alifuta mikono kwenye suruali. "Dada yako alinipigia pale kwenye mafuta, akasema mama amezidiwa, mapafu. Mama mwenyewe ndiye alisema usiambiwe. Aliandika kwenye karatasi, maana hakuweza kusema: *ako barabarani*. Basi nikawaza, kama wewe hutakiwi kujua, mama naye ana kosa gani asikusikie? Nikamwambia dada yako apige tena tukianza kupanda, aweke simu kwenye mto wake, watu wote wanyamaze. Nikaiunganisha na redio zetu za helmeti."

"Alisikia nini?"

"Yote. Ng'ombe. Yule mama na soksi zake."

"Na ile..."

"Na ile ya kununa. Dada yako anasema hapo alicheka, barakoa ikajaa mvuke, ikabidi waifute. Akainua vidole viwili. Wakafikiri anataka maji. Alimaanisha miguu."

Niliketi kwenye ukingo wa saruji. Nililia pale maegeshoni, watoto wa watu wanapita na mabegi ya shule wakinitazama. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulinisukuma kabla sijafika hapo. Dada yako akadhani nimekuambia. Mimi nikadhani amekuambia yeye."

"Na mimi nikakuambia ufunge kioo."

"Nilikifunga kweli, jirani," akasema. "Ulikuwa unanitazama kwenye kioo chako, na mimi nilikuwa nalia."

Akaketi kando yangu, mikono yake inanuka petroli. Baada ya kitambo nikamuuliza kama kaka yake bado anamngoja. Akasema alimwambia ukweli asubuhi ile kule Italia, na kaka alimjibu ampeleke kwanza mwenye msiba nyumbani, mlango wa Brussels hauna kufuli. Nikamwambia safari hii tutaanzia Brussels.